Mume wangu anawafundisha watoto kukereza, nami naiogopa ile mashine

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Tanga. Mume wangu ni seremala, na kazi inayotulisha ni kukereza, yaani kuchonga kwa patasi mti unaozungushwa na mashine: miguu ya vitanda, nguzo za ngazi, miguu ya stuli. Banda lake liko uani, hatua chache tu kutoka jikoni kwangu. Mashine aliiunda mwenyewe. Mota aliitoa kwenye pampu ya maji iliyoharibika, fremu akachomelea kwa fundi jirani, mkanda akanunua mjini.

Binti yangu ana miaka 9, mdogo wake wa kiume ana 6. Tangu shule zifungwe hawatoki bandani. Baba yao anafurahi, anasema ufundi hushikwa mtu akiwa mdogo. Humsimamisha binti mbele yake juu ya kreti la soda, akaishika mikono yake juu ya patasi, wakakereza pamoja. Wamenitengenezea mchi mdogo wa kutwangia vitunguu saumu. Nautumia kila siku, na siwezi kusema si mzuri.

Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika wakiwa katikati ya kazi. Mashine ikasimama. Mume wangu akatoka kuangalia kama na kwa jirani umekatika, na swichi hakuizima. Binti akabaki juu ya kreti, akaweka kiganja kwenye mti kuupapasa kama umelainika. Umeme ukarudi. Nilisikia mlio wa mota na kreti likianguka, nikatoka mbio na upawa mkononi. Nilimkuta amekaa chini, kiganja kimechubuka, anamtazama baba yake. Hakulia. Aliyekuwa analia ni mdogo wake.

Mume wangu anasema ile ni ajali, ameshajifunza. Baba mkwe, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi, anasema mwana akililia wembe mpe. Mama mkwe naye ana lake: afundishwe mvulana, msichana arudi jikoni. Mimi sitaki kumzimia mtoto hamu yake, daftari lake la hesabu limejaa michoro ya pia, zile za kuchezea zinazozunguka. Lakini kila nikisikia ile mota, sufuria inaniungulia. Je, kuna umri wa mtoto kuanza kukereza? Na nimwambieje mume wangu bila kumvunjia heshima?

Mama wa wawili, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale umeme uliporudi. Tuanzie hapo hapo, maana hilo lina dawa, na mpaka dawa ipatikane mtoto asikanyage bandani mota ikiwa kwenye waya.

Umewahi kwenda kusaga mahindi umeme ukakatika? Ukirudi, mashine ya kusaga haiwaki yenyewe. Mwenye mashine lazima aende abonyeze kitufe cha kijani. Ndani ya lile boksi lenye vitufe viwili kuna kontakta: umeme ukikatika inaachia, na haishiki tena mpaka mtu aibonyeze kwa mkono wake. Mashine ya mumeo ina swichi ya ukutani, sina haja ya kuiona. Swichi ya namna hiyo ikiachwa imewashwa inamngoja mtu. Fundi umeme yeyote anayefunga pampu na mashine za kusaga atamfungia stata ya kontakta, yaani boksi kama lile, kwa saa moja au mbili. Kitufe chekundu kiwe kikubwa, na kikae mahali ambapo mtu mzima anakifikia kwa goti au nyonga, kwa sababu akimkumbatia mtoto kwa nyuma kama ulivyoeleza, mikono yake yote miwili iko kwenye patasi. Hapo jiulize: mambo yakiharibika, nani anazima?

Baba mkwe wako namheshimu, na methali yake nimelelewa nayo. Wembe humkata mtoto kidole, kidole kikapona, somo likabaki. Mota haina somo dogo la kuanzia.

Sasa nampisha mwenye banda. Kuanzia hapa mpe simu asome mwenyewe.

Bwana fundi, nimekereza Unguja zaidi ya miaka 30, na alama ninayo. Ijumaa moja nilitoka msikitini, mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umebaki, nikasema niumalize kabla ya chakula. Nilikuwa na kanzu. Mkono wa kanzu ulipogusa mti sikuona kitu, niliona tu uso wangu uko karibu na egemeo la patasi, na nguo imesokotwa hadi kwapani. Kilichoniokoa ni ubovu wa mkanda, ulikuwa umelegea ukateleza. Nikupe hii kwa sababu wazazi wengi huyatazama makali ya patasi, na hayo makali mtoto huyaona na kuyaogopa mwenyewe. Hakuna mtoto anayeogopa shati lake.

Kwa hiyo: mikono mifupi inayobana, hakuna bangili, hakuna mkufu, hakuna kamba ya kofia inayoning'inia. Nywele za rasta zifungwe kisogoni na kufunikwa. Ikiwa binti anajitanda, ushungi uwe mfupi, ufungwe kwa nyuma na ncha zichomekwe ndani ya fulana. Na glavu usimvishe kamwe. Najua mtu anaona glavu ndiyo usalama, lakini kwenye kitu kinachozunguka glavu ni mtego. Ngozi ikiguswa itachubuka. Glavu ikinaswa inaondoka na mkono. Ni kwa sababu hiyo hiyo mti haung'arishwi kwa kitambaa ukiwa unazunguka. Tumia karatasi ya chooni, ambayo ikinaswa inachanika.

Uso nao. Miwani peke yake haitoshi, kipande cha mti hakichagui jicho. Wakata nyasi wa mashine huvaa ngao ya plastiki inayofunika uso mzima. Maduka ya vifaa yanayo, na mkanda wake unakazika mpaka kichwa cha mtoto. Kama ngao ya kwako imekwaruzwa hata huoni, nunua mbili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa ningependa tulizungumze tukiwa uani kwako na kahawa. Mota ya nini kwa mtoto wa miaka 9?

Kabla ya mota watu walikereza. Mafundi wa Cairo, wa Bara Hindi na wa Marrakesh walikaa chini wakavuta upinde kwa mkono mmoja, kamba ya upinde ikazungusha mti, patasi wakaishikilia kwa mkono wa pili na vidole vya mguu. Marrakesh wapo wanaofanya hivyo hadi leo, wageni wanajaa kuwatazama. Kwa mtoto lipo kerezo jepesi zaidi, la kukanyaga, na wewe mwenye chuma na boriti utaliunda kwa siku moja.

Simamisha vipande viwili vya boriti juu ya benchi zito, katikati yao uache sentimita 30. Kila kipande kipitishe bolti ya milimita 12 uliyoinoa ncha, zitazamane. Mti ubanwe kati ya ncha hizo, na kila ncha itiwe tone la mafuta ya nazi. Chukua kamba ya katani (Tanga mkikosa katani tutamwuliza nani?), izungushe kwenye mti mara mbili. Upande wa juu ifunge kwenye vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyoning'inizwa kwenye kenchi, upande wa chini kwenye kibao cha kukanyagia. Angalia kamba ishukie upande wa anayekereza, ndipo akikanyaga mti uzunguke kumjia. Akiachia, mpira unavuta na mti unarudi nyuma. Anakata wakati wa kukanyaga, anaivuta patasi nyuma kidogo wakati wa kurudi. Mtoto ni mwepesi, basi anza na vipande vichache vya tyubu, uongeze taratibu.

Utaona tofauti siku ya kwanza. Patasi ikinasa, mti unasimama. Mtoto akishtuka, mguu unaganda na kila kitu kinaganda nao. Hakuna kelele, kwa hiyo ukimwambia "acha" anakusikia, na mama yake jikoni anasikia wanaongea. Nguvu yote iliyopo pale ni ya mguu wake mwenyewe. Patasi bado ni kali na inaweza kumkata, hilo nalikubali, lakini hilo ndilo somo la wembe analolisema baba yako.

Mti uwe mbichi. Tawi la mchungwa, la mpera au la mwarobaini lililokatwa juzi, nene kama mpini wa jembe, lisilo na fundo wala ufa. Mti mbichi unakatika kwa utepe mrefu wenye unyevu, kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika, na vumbi halipo. Mkorosho mwachie aliyepanda, utomvu wake unababua ngozi. Na utomvu wa mwembe unawasha wengine vibaya. Mninga, mvule na mpingo ni mbao zetu za fahari, ila vumbi lake huwasha ngozi na pua, na wapo wanaobanwa kifua. Kwa jumla vumbi la mbao si la kuchezea. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, hasa ile ya ndani ya pua. Kwa hiyo msasa upigwe nje penye upepo, na barakoa, usipigwe ndani ya banda huku watoto wamekaa juu ya mfuko wa maranda.

Patasi ya kumpa: bobari, ile yenye makali ya mviringo, upana wa sentimita 2, mpini mrefu unaofika kwenye nyonga yake. Uinoe wewe, kila siku kabla hajaishika. Butu ndiyo hatari, maana anaisukuma kwa mwili mzima, na siku ikikubali inaondoka naye.

Mfundishe maneno matatu na ayaseme kwa sauti: egemea, gusa, kata. Kwanza patasi inaegemea kwenye egemeo, kabla haijagusa mti. Halafu mgongo wa makali unagusa mti. Hapo mti unazunguka na patasi inateleza juu yake tu, hakikatiki kitu. Kisha anainua mpini taratibu, kidogo sana, mpaka utepe wa kwanza unachomoza. Mwanafunzi wangu mmoja alikaa kwenye "gusa" karibu nusu saa, hataki kuinua mpini. Nilimwacha. Utepe ulipotoka aliruka kama kauona nyoka, akaulizia kama anaweza kwenda nao nyumbani. Anayekata vizuri utamjua kwa sikio: mti unasema "shhh" kama kanga inayochanwa. Ukisikia tak-tak-tak, patasi imetangulia kata kabla ya gusa, mwambie aanze upya.

Egemeo liwe karibu na mti, nafasi ya kupita sarafu mbili tatu, na kadiri mti unavyokonda ulisogeze, kerezo likiwa limesimama. Ikibaki nafasi pana, patasi huvutwa chini na vidole vikafuata.

Kazi ya kwanza iwe pia. Keshazichora daftari zima, unangoja nini? Urefu wa kidole, tumbo limetuna kama karafuu iliyosimama kichwa chini, chini unapigilia msumari mfupi usio na kichwa. Uzuri wa pia ni kwamba haina haja ya fundi kuisifu. Ikiwa tumbo limekaa upande inayumba na kulala. Ikiwa sawa inasinzia palepale. Mtoto anarudi mwenyewe kwenye kerezo kuirekebisha, wewe hukusema neno.

Mkeo ameuliza umri. Nimeona wa miaka 8 ambaye ningemwachia patasi, na wa miaka 15 ambaye nisingemwachia bisibisi. Kwenye kerezo la kukanyaga natazama mambo mawili: kiwiko chake kinafika usawa wa mti, na ukisema "acha" anaacha papo hapo, hata kama alikuwa karibu kumaliza. Hilo la pili lijaribu kwenye mpira uwanjani kabla hujalijaribu bandani.

Kwenye mota nisingempeleka kabla hajakereza pia na michi kwa mwaka mzima, na hata hapo kreti la soda liondoke. Mpigilie jukwaa pana la mbao ambalo hawezi kurudi hatua moja nyuma akaanguka. Mkanda na puli, yale magurudumu yanayobeba mkanda, vifunikwe kwa bati pande zote, maana kijana wako wa miaka 6 urefu wake ni sawasawa na urefu wa puli. Kisha soma kile kibati cha mota. Mota nyingi za pampu huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika, na hiyo kwa mtoto ni mbio mno. Puli ya mota ikiwa ya sentimita 5 na ya kerezo sentimita 20, mti utazunguka kama mara 700, inatosha kabisa kwa kipande cha sentimita 5. Kipande kisizidi unene huo, kibanwe pande zote mbili; bakuli na sahani aje aziulizie akiwa sekondari. Kabla ya kuwasha, zungusha mti kwa mkono mzunguko mzima uone kama unagonga egemeo. Wakati wa kuwasha nyote msimame pembeni, msisimame mbele ya mti. Mbao kuukuu yenye misumari isipande pale hata kama ni ya bure. Na mkimaliza, plagi itoke ukutani na patasi zipande juu, kila siku, hata ukienda dukani mara moja.

Narudi kwako mwanangu.

Mumeo usimwendee na lawama za siku ile. Anaiona kila akifumba macho, nakuhakikishia. Fundi akikaa kimya baada ya jambo kama hilo, kimya hicho kina uzito. Mwombe kitu. Mwambie, baba fulani, nataka wanangu wawe na kerezo lao la kukanyaga, hakuna wa kulitengeneza ila wewe. Fundi hakatai kuombwa ufundi. Hilo la stata ukimwambia "nimesoma" ataona unamfundisha kazi. Mwambie moyo wako hautulii, ambalo ndilo la kweli.

Mama mkwe mpelekee ule mchi wa vitunguu saumu autumie wiki moja. Usimbishie. Mtoto aliyechubuka kiganja akatulia, akamtazama baba yake kujua kilichotokea, huyo nampenda kuliko vijana wengi wa kiume walioletwa kwangu.

Na huyu mdogo anayelia. Miaka 6 asishike patasi, lakini asifukuzwe, akifukuzwa ataingia siku ambayo hakuna mtu. Mpe kazi yake. Yeye ndiye wa kuchagua tawi, wa kutia mafuta ya nazi kwenye ncha, wa kukusanya maranda akawapelekea kuku. Halafu dada yake akimaliza pia, kabla haijatolewa kwenye kerezo, patasi ziwekwe pembeni, dada akanyage polepole, na yeye ashike kalamu ya nta aiegemeze hapo mti unapozunguka. Pete nyekundu itajichora yenyewe kuzunguka tumbo la pia, kisha ya kijani, kisha ya manjano, kama miguu ya vitanda vya kizamani vya pwani. Nunua paketi ya kalamu 12. Nyekundu itaisha mwanzo.